Vidole Vinavyochomachoma Wakati wa Mudra: Je, Ni Nguvu Inayoingia?

Hujambo Shangazi?

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 46, na kazi yangu ni ushonaji. Nina kibanda karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, ambako nimekaa na cherehani yangu kwa miaka 19 nikishona sare za shule, magauni ya harusi na mapazia. Ninakuandikia kwa sababu jambo lililoanza vizuri limenifikisha mahali ambapo sijui nimwamini nani, na nyumbani kila mtu ana neno lake.

Mwaka jana niliambiwa kwamba nina presha, nikapewa vidonge vya amlodipini, kimoja kila siku, na kwa muda mrefu vilinifaa. Lakini tangu mume wangu aachishwe kazi mwezi wa nne, usingizi ulinihama. Nikilala, moyo unadunda hadi ninausikia kwenye mto. Mchana nikishika mkasi ninahema kama mtu aliyetoka kupanda Riat kwa miguu. Mwenzangu wa chama alinihurumia akanipeleka kwenye darasa la yoga linalofanyika kila Jumamosi katika ukumbi wa kukodi huko Milimani.

Mwalimu wetu ni kijana mwenye adabu na sauti ya kutuliza. Alitufundisha kukaa wima, kufumba macho, kupumua polepole, kisha kuviweka vidole katika mikao inayoitwa mudra. Anasema kila kidole kina asili yake: gumba ni moto, cha shahada ni hewa, cha kati ni anga, cha pete ni ardhi, na kidole kidogo ni maji. Gumba likigusana na kidole cha shahada, anasema, neva ya vegasi inaamshwa na ubongo unaamrisha presha ishuke. Ipo mudra ya kusafisha damu, ipo ya figo, na ipo moja ambayo anadai inazuia shambulio la moyo hata kabla ya mtu kufikishwa hospitali. Mikao yote imechorwa kwenye chati tuliyoinunua kwa shilingi 1,500.

Sitakuficha kwamba nilipata nafuu. Baada ya wiki tatu nilianza kulala saa tano mfululizo, na mume wangu mwenyewe alikiri kwamba sauti yangu imerudi kuwa ya kawaida. Kilichoniaminisha zaidi ni mkao mmoja ambao tunaunganisha viganja mbele ya kifua, vidole vikielekea juu na viwiko vikiwa vimeinuliwa, tukakaa hivyo dakika tatu. Kabla ya dakika ya kwanza kwisha ninasikia vijisindano katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, kama siafu wanaotembea ndani ya ngozi, lakini kidole kidogo hakisikii chochote. Nilipomweleza mwalimu, alifurahi akawaambia wenzangu wanipigie makofi. Alisema kwamba nguvu imeanza kupita, na kwamba kidole kidogo kimekaa kimya kwa sababu maji yangu yamepungua. Siku hizi vijisindano hivyo vinanijia hata nikiwa nimelala. Ninaamka saa nane za usiku nikiukung'uta mkono wa kulia kama mtu anayekung'uta kitambaa chenye vumbi. Wiki iliyopita pini zilinidondoka mara tatu nikimpima bibi harusi, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Mwalimu alinishauri niache vidonge ili nisizibe njia za nguvu. Niliacha. Siku ya nne nilipima katika duka la dawa nikakuta 134 kwa 84, nikamshukuru Mungu. Siku ya kumi na moja nilikuta 158 kwa 96. Mwalimu anasema huo ni uchafu unaotoka, nisiogope.

Wifi yangu, ambaye tunasali naye katika jumuiya moja ndogo ya Kikatoliki, anasema kwamba kukunja vidole vile ni kuabudu miungu ya watu wengine, na kwamba nichague kati ya rozari yangu na darasa hilo. Mume wangu anasema heri tungenunua unga kwa pesa hizo. Je, Shangazi, mudra zinaweza kweli kuongoza neva za mwili? Niendelee au niache? Na vidonge je?

Fundi wa Kibuye.

*

Mwanangu Fundi,

Umeuliza kuhusu vidonge mwishoni, lakini mimi nitaanza navyo, kwa sababu ndivyo visivyoweza kusubiri. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, nenda kliniki iliyokuandikia dawa. Beba pakiti ya vidonge na kikaratasi ulichoandika vipimo vyako, na useme waziwazi kwamba uliacha dawa na ni kwa siku ngapi. Usione haya. Katika miaka yangu ya uuguzi, kabla sijastaafu, nilionana na wagonjwa wengi walioacha dawa kwa sababu zilizowaelea wao wenyewe, na waliotupa shida si wale walioungama, bali wale waliotuambia kwamba wanameza kila siku ilhali pakiti ziko kabatini zimejaa. Daktari akidhani unameza dawa na presha bado iko juu, atakuongezea nyingine. Wala usijaribu kufidia siku zilizopita kwa kumeza vidonge viwili kwa pamoja.

Kuhusu kile kipimo cha siku ya nne kilichokufanya ushukuru, amlodipini ni dawa inayotoka mwilini taratibu mno. Nusu yake huchukua kati ya saa 30 na 50 kuondoka, kisha nusu ya iliyobaki huchukua muda kama huo tena, kwa hiyo mtu aliyekuwa akimeza kila siku hubaki na dawa katika damu kwa siku kadhaa baada ya kuacha. Ile 134 kwa 84 uliyoikuta ilikuwa bado ni kazi ya kidonge ulichomeza kabla ya kuacha, nayo ile 158 kwa 96 ya siku ya kumi na moja ndiyo presha yako halisi ikiwa haina msaada. Huo unaoitwa uchafu hauna mahali pa kutokea kupitia mashine ya presha. Kipimo chako hakijafikia kiwango cha kukimbizwa hospitali usiku, lakini kimepita mpaka wa 140 kwa 90 ambao madaktari wanauita presha ya juu, na kukaa huko miezi na miaka ndiko kunakoharibu figo, moyo na mishipa ya ubongo bila mwenyewe kuhisi maumivu yoyote.

Nimeusoma mara mbili ule mstari wako kuhusu vijisindano. Uliandika jambo ambalo mwalimu wako hakulisikia, ingawa ulimwambia kwa kinywa chako: kwamba gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati vinachomachoma, na kidole kidogo hakisikii kitu.

Geuza mkono wako wa kulia utazame sehemu ya ndani ya kifundo, pale unapofungia kile kimto cha kuchomekea pini. Chini ya ngozi hiyo kuna mfereji mwembamba, mifupa midogo ikiwa sakafu na utepe mgumu wa nyama ukiwa paa. Ndani ya mfereji huo zinapita kano tisa zinazokunja vidole, na pamoja nazo neva moja inayoitwa neva ya mediani. Neva hiyo ndiyo inayopeleka hisia za gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole kidogo kinahudumiwa na neva nyingine, ya alna, ambayo hupita nje ya mfereji huo. Kano zikivimba kwa kazi ya kujirudia, nafasi hupungua, na anayeumia ni yule asiye na mfupa wala ugumu wa kujitetea, yaani neva. Ndiyo sababu vidole vyako vitatu vinapiga kelele na cha mwisho kimekaa kimya. Maji ya mwili hayahusiki hata kidogo.

Madaktari wana kipimo cha zamani cha hali hiyo, kinachobeba jina la George Phalen, daktari wa mifupa wa Marekani. Mgonjwa hukunja vifundo vya mikono, migongo ya viganja ikigusana na vidole vikielekea chini, akakaa hivyo dakika moja. Ganzi ikija katika vidole vya neva ya mediani, daktari anakuwa na dalili ya kumwongoza. Kipo pia kipimo cha kinyume chake, ambacho viganja huunganishwa na kubanwa, vidole vikielekea juu na viwiko vikiwa vimeinuliwa. Unauona mkao huo? Ndio ule ule unaoufanya kila Jumamosi kwa dakika tatu. Bila kujua, umekuwa ukijipima neva, nayo imekuwa ikijibu, na jibu hilo likapigiwa makofi.

Yale mengine uliyoyataja yanaelekea upande huo huo. Kuamka usiku na kukung'uta mkono ni jambo ambalo muuguzi yeyote wa zahanati ya viungo analitambua kabla mgonjwa hajamaliza kulisimulia, kwa kuwa wengi wetu hulala vifundo vimekunjwa bila kujijua. Pini zinazodondoka ni dalili kwamba gumba limeanza kupoteza umakini wake au nguvu yake. Miaka 19 ya kushika mkasi, kusukuma kitambaa chini ya sindano na kukunja pindo kwa mkono ni sababu ya kutosha. Mimi sikuoni, na barua haiwezi kutoa jina la ugonjwa. Lakini ukienda kliniki kwa ajili ya presha, onyesha na mkono. Waombe wakupime sukari, kwa sababu kisukari huumiza neva na huambatana na hali hii mara nyingi, na wakuangalie tezi ya shingo. Waangalie pia kile kilima cha nyama chini ya gumba: kikiwa kimebonyea kuliko cha mkono wa kushoto, usikubali kuambiwa usubiri, omba upelekwe kwa mtaalamu. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambayo watu wa rika langu bado tunaiita Russia, haiko mbali nawe.

Nitenge hapa jambo moja ili lisichanganywe na hilo. Ganzi inayokuja polepole kwa wiki na miezi katika vidole vitatu ni jambo la kliniki. Ganzi au udhaifu unaoingia ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukaenda upande au maneno yakagoma kutoka, hiyo ni dalili ya kiharusi, na kwa mtu mwenye presha iliyoachwa bila dawa hakuna kusubiri hata kupambazuka.

Sasa acha nijibu swali lako lenyewe, kama mudra zinaongoza neva. Neva ya vegasi ni ya kumi kati ya jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo. Jina lake la Kilatini lina maana ya kutangatanga, nalo linaifaa, kwani hushuka shingoni, ikapita kwenye koo, ikagusa moyo na mapafu, ikateremka hadi tumboni na kwenye matumbo. Kazi yake mojawapo ni kuupunguzia moyo kasi. Lakini katika kutangatanga kwake kote haiingii mkononi. Neva za mkono hutoka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya shingo na juu ya kifua, na hazina njia ya kubonyeza vegasi kama swichi kwa sababu gumba limegusana na jirani yake. (Vegasi ina kitawi kidogo kinachofika sikioni, kama mwalimu wako angewafundisha kuvuta masikio, angalau tungekuwa na jambo la kubishania.)

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani kwamba vidole ni vitu vidogo mbele ya ubongo. Katika miaka ya 1930 daktari mpasuaji Wilder Penfield, aliyefanya kazi Montreal, aligusa ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji akawauliza wanahisi nini na wapi. Ramani aliyoichora inaonyesha kwamba mkono na midomo vimepewa eneo kubwa kupita kiasi, huku mgongo mzima ukibanwa kwenye kona. Unaweza kulihakiki hilo jioni hii. Chukua kibanio cha nywele, kipanue ncha zake ziachane kwa milimita tano hivi, ufumbe macho, na umwombe mume wako akuguse nacho kwenye ncha ya kidole kidogo, ambacho hakijaguswa na ganzi. Utahisi ncha mbili. Kisha akuguse mgongoni: utaapa kwamba ni ncha moja, na atalazimika kuzitenganisha karibu sentimita nne ndipo uzitambue kuwa mbili. Wewe ambaye unatofautisha pamba na poliesta gizani kwa kusugua upindo kati ya gumba na kidole cha shahada huhitaji Penfield akuambie kwamba vidole vinaongea na ubongo kwa sauti kubwa. Kwa hiyo vidole vikigusana, ubongo unajua, na umakini wako unapata mahali pa kutua. Ukianza kusinzia au kuwaza madeni, vidole vinaachana na unagutuka. Kazi hiyo ninaikubali. Lakini kusikika ubongoni ni jambo moja, na kuiamrisha figo isafishe damu ni jambo jingine kabisa, na kati ya hayo mawili chati yako imeruka mto bila daraja.

Je, nafuu uliyoipata ilitoka wapi? Hapo nikuulize kama fundi. Cherehani ikianza kukata uzi, je, unabadilisha sindano, uzi, mafuta na mkazo vyote kwa pamoja, kisha unasema ni mafuta yaliyoiponya? Darasani mlikaa wima, mkafumba macho, mkapumua polepole, mkatulia kwa saa nzima mbali na madeni na kelele za soko, na juu ya hayo yote mkakunja vidole. Mwalimu ameipa sifa ile sehemu iliyochorwa kwenye chati anayoiuza, nami ninaielekeza kwenye pumzi.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Weka vidole viwili vya mkono wa kushoto kwenye kifundo cha kulia, chini ya gumba, usikie mapigo, kisha vuta pumzi taratibu hadi uhesabu tano na uitoe hadi uhesabu tano. Ukiwa mtulivu utahisi mapigo yakiharakisha kidogo unapovuta na yakilegea unapotoa. Vegasi inaingia hapo, kwa mlango wa pumzi: unapotoa hewa, neva hiyo huukaza mkono wake juu ya moyo, na unapovuta huulegeza. Ukipumua mara sita hivi kwa dakika, mwendo huo wa moyo huenda sambamba na ule wa vipimio vya presha vilivyomo ndani ya mishipa mikubwa ya shingo na kifua, navyo huwa wepesi zaidi wa kusahihisha presha inapopanda au kushuka. Faida yake kwa mwenye presha ipo, lakini ni ndogo, ya kuongezea juu ya kidonge. Haiwezi kuchukua nafasi ya kidonge.

Na kwa kuwa wifi yako amekuwekea rozari upande mmoja na darasa upande mwingine, kuna utafiti ambao ningependa umsomee. Mwaka 2001, Luciano Bernardi na wenzake wa Pavia, Italia, walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza matokeo ya kupima watu 23 wenye afya wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, nusu ikisemwa na kiongozi na nusu ikiitikiwa, na pia wakikariri maneno ya sala ya watu wa Asia yanayotumiwa katika yoga. Yote mawili yalishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na yote mawili yaliongeza wepesi wa vile vipimio vya presha. Vidole vya msali rozari havikunjwi kwa mudra yoyote. Vinasogeza chembe moja baada ya nyingine, nazo zinashika hesabu ili kichwa kipumzike. Kwa maneno mengine, huenda bibi yako aliyekuwa akisali rozari nzima kabla ya kulala alikuwa akifanya zoezi lile lile unalolipia Milimani, bila chati.

Kama ni dhambi au si dhambi, hilo si langu kuamua. Mpelekee padri wako, umweleze hasa mnachofanya, badala ya kumwachia wifi aeleze kwa niaba yako. Ninachoweza kukupa ni historia kidogo. Neno mudra ni la Kisanskriti, na maana yake ni muhuri au alama. Ishara za mikono za namna hiyo zimo katika ibada za Kihindu na katika sanamu za Buddha, kwa hiyo wifi yako hakubuni kitu. Zimo pia katika ngoma za India, ambako mchezaji husimulia kwa vidole habari za ndege, ua au mfalme. Lakini kitabu kinachotegemewa sana na walimu wa yoga ya mwili, Hatha Yoga Pradipika cha karne ya 15, kinapotaja mudra kumi, nyingi ni za mwili mzima: kubana tumbo, kugeuza ulimi nyuma, kuinua miguu juu ya kichwa. Neva ya vegasi haimo humo wala haingeweza kuwemo. Kuipima yoga kwa vyombo vya maabara ni jambo la karne ya 20. Swami Kuvalayananda alianzisha kituo chake cha Kaivalyadhama kule Lonavla, India, mwaka 1924 kwa lengo hilo. Anayekuuzia chati ya neva kwa jina la elfu za miaka ya hekima amebandika kiraka kipya juu ya nguo kuukuu, na wewe unajua kiraka kinavyoonekana hata kikishonwa vizuri.

Nisiwe mkali kwa yoga yenyewe. Mwaka 1998 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa watu 42 wenye tatizo la mfereji wa kifundo, ambao ndio ninaoushuku kwako. Waliofanya mazoezi ya yoga kwa wiki nane walipata nguvu zaidi ya kushika na maumivu yao yakapungua, kuliko wenzao waliopewa banzi tu la kuvaa au walioachwa na matibabu waliyokuwa nayo. Ni utafiti mdogo, na hayo yalikuwa mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha mabega, mikono na mgongo. Hakuna aliyeambiwa kwamba kidole chake kina moto.

Kwa hiyo, ukitaka, endelea kwenda Milimani. Kampuni ya wenzako na saa moja ya utulivu si vitu vya kutupwa kwa mama mwenye mzigo kama wako. Ule mkao wa viganja viwili acha kabisa mpaka mkono utazamwe. Mikono yako iweke juu ya mapaja, viganja vikitazama juu au chini, vifundo vikiwa vimenyooka. Fanya hivyo wiki mbili, ukipumua kama kawaida ya darasa bila mudra yoyote, uone kama usingizi wako utapungua hata kwa nusu saa. Sidhani.

Ile mudra ya shambulio la moyo ndiyo iliyonikasirisha, na ninakuomba uiondoe kwenye chati hata kwa chaki yako ya fundi. Maumivu ya kifua yanayobana, yakapanda kwenye taya au mkono, pamoja na jasho baridi, yanahesabiwa kwa dakika, kwa sababu nyama ya moyo inakufa wakati mtu anasubiri vidole vifanye kazi. Mwambie mwalimu hilo kwa upole, mkiwa wawili, kwa kuwa umesema ni kijana mwenye adabu na huenda aliyafunzwa hayo naye akayaamini. Akikataa kuliondoa, au akikushauri mara nyingine kuhusu vidonge, basi mume wako ana haki kuhusu unga.

Kliniki wakikupa banzi la kifundo, livae usiku unapolala, likaze kiasi tu cha kuzuia mkono usikunjwe. Mchana punguza kazi za mkasi mzito kwa kumpa mwanafunzi wako akate, nawe ubaki kwenye cherehani, ukipumzisha mkono kila unapomaliza vazi. Sare za Januari zinakuja, na oda zake huanza kuingia mwezi huu. Wahi kabla vitambaa havijajaa mezani.